Sura ya Nne: Picha Hii Ilimsaidia Nani?

Kila zinapoonyeshwa picha za watu walio taabuni, hakosi mtu wa kuuliza: "Sasa huyu mpigapicha, alipomaliza kupiga, aliwafanyia nini?" Wanafunzi huuliza, wazazi huuliza, na wapigapicha wenyewe hujiuliza wakiwa peke yao. Swali hili lilivuma sana mwaka 1993, gazeti la New York Times lilipochapa picha ya Kevin Carter wa Afrika Kusini: mtoto wa Sudan ameinama chini kwa njaa, na tumbusi ametua nyuma yake. Mwaka 1994 picha hiyo ikapata Tuzo ya Pulitzer, na sifa zikaja pamoja na lawama. Watu walitaka kujua kwa nini hakumbeba yule mtoto.

Kuuliza hivyo ni haki, ila swali lenyewe linatazama dakika chache tu. Kupiga picha za watu waliosukumwa pembezoni ni kazi ya miaka, na wema au ubaya wake umo katika mambo ambayo picha haiyaonyeshi. Mpigapicha alifikaje pale? Alikaa kwa muda gani? Aliandika nini chini ya picha? Aliipeleka wapi? Nani alilipwa? Leo inatunzwa na nani?

Katika sura hii tutayafuata mambo hayo kupitia maisha ya mtu mmoja, Ernest Cole wa Afrika Kusini. Alitoa kitabu kimoja tu, kikapigwa marufuku nchini kwake, naye akafa akiwa fukara ugenini. Hata hivyo, ni vigumu kumpata mtu ambaye maisha yake yanajibu maswali haya kikamilifu zaidi.

Kwanza, maneno mawili tutakayoyatumia. Picha za dokumentari ni picha zinazoweka kumbukumbu ya maisha kama yalivyo, mpigapicha akiifuata mada moja kwa muda mrefu hadi aifikie ndani. Picha za habari ni tofauti, kwa sababu hukimbizana na tukio la leo. Watu waliotengwa ni wale ambao sheria, fedha au mazoea yamewaweka mbali na mahali maamuzi yanapofanyika. Si lazima wawe wachache. Katika nchi ya Cole waliotengwa ndio waliokuwa wengi.

Kijana wa Eersterust

Cole alizaliwa tarehe 21 Machi 1940 huko Eersterust, mtaa ulio mashariki mwa Pretoria. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mama yake akifua nguo za watu. Wakati huo jina la ukoo liliandikwa Kole.

Alipokuwa na miaka minane, chama cha makaburu kiliingia madarakani na kuanza kuujenga mfumo wa ubaguzi wa rangi kwa sheria, moja baada ya nyingine. Nne kati ya hizo zilimgusa yeye binafsi:

- Sheria ya usajili wa watu ya mwaka 1950. Kila raia aliandikiwa rangi yake serikalini: Mzungu, Mwafrika au chotara, baadaye na Mhindi.
- Sheria ya maeneo ya mwaka huohuo. Kila kundi lilipangiwa mahali pa kuishi, na aliyekutwa upande usio wake alihamishwa.
- Sheria ya pasi ya mwaka 1952. Kila Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kutembea na kitabu kinachoonyesha anaishi wapi, anafanya kazi kwa nani na anaruhusiwa kuwa mjini kwa sababu gani. Wazee wa Kenya waliovalishwa kipande shingoni wangeielewa mara moja.
- Sheria ya elimu ya Wabantu ya mwaka 1953. Mtoto wa Kiafrika alifundishwa kiasi cha kumwezesha kutumika tu.

Mtaa wa Eersterust ukageuzwa kuwa wa machotara, nyumba za Waafrika zikavunjwa, na familia ya Cole ikahamishiwa Mamelodi. Elimu ya Wabantu ilipofika shuleni kwake, aliacha shule na kumalizia masomo kwa posta.

Kamera aliipata akiwa bado mdogo, akipewa na padri wa Kikatoliki. Mwaka 1958 aliomba kazi katika jarida la Drum mjini Johannesburg. Wasomaji wa umri mkubwa wa Afrika Mashariki watalikumbuka jina hilo, kwa kuwa Drum lilikuwa na toleo la ukanda huu pia. Jürgen Schadeberg, Mjerumani aliyesimamia picha za jarida hilo, alimchukua kuwa msaidizi wake. Cole akawa anasafisha filamu kwenye chumba cha giza, anapanga chapa, anatazama wenzake wanavyofanya kazi, na jioni anafanya mazoezi ya kozi ya upigaji picha aliyokuwa akisoma kwa posta kutoka New York.

Siku alipotimiza miaka 20, tarehe 21 Machi 1960, polisi waliwaua watu 69 huko Sharpeville waliokuwa wakipinga sheria ya pasi. Picha za maiti zilizolala barabarani zilienea duniani. Cole yeye alikwenda njia nyingine. Alikuwa ameona kitabu cha Mfaransa Henri Cartier-Bresson kuhusu watu wa Moscow wakiwa katika shughuli zao za kila siku, naye akataka kuifanyia nchi yake kitabu cha namna hiyo. Hakikuwa kitabu cha siku ya risasi. Alitaka kuonyesha Jumatatu ya kawaida ya Mwafrika, tangu alfajiri hadi usiku.

Mtu aliyebadili rangi kwenye karatasi

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kutembea. Mpigapicha Mwafrika alisimamishwa na polisi kila kona na kudaiwa pasi. Cole akafanya jambo lililohitaji ujasiri na akili nyingi: aliiomba serikali imsajili upya kama chotara. Jina akaliandika Cole badala ya Kole, akazinyoosha nywele, kisha akafika mbele ya maofisa waliokuwa na kazi ya kupima rangi za watu. Kipimo kimoja kilichotumika siku hizo kilikuwa kuchomeka penseli kwenye nywele na kuona kama itadondoka. Akafaulu.

Chotara hakudaiwa kitabu cha pasi. Sasa Cole aliweza kusimama penye msako wa polisi kama mpita njia, na aliweza kuomba pasipoti. Lakini kwa mujibu wa sheria alikuwa amejitoa katika kundi la ndugu zake wa damu, na haki ya kuishi nao Mamelodi haikuwa yake tena. Ubaguzi uliwatenganisha watu kwa karatasi, naye akaitumia karatasi hiyohiyo kuwafikia wale iliowatenga.

Kikwazo cha pili kilikuwa kamera yenyewe. Mgodini alikwenda nayo akiwa ameificha kwenye mfuko wa chakula cha mchana, kama kibarua aliyebeba mkate wake. Mwenzake Peter Magubane, aliyepitia pia Drum, alijulikana kwa kuchimba mkate mzima na kuitia kamera ndani yake. Magubane baadaye aliwekwa kizuizini peke yake kwa siku 586. Waliificha kamera kwa sababu ikionekana ilikuwa jela.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Cole alikilalia. Alijua treni ya watu weusi hujaa saa ngapi, polisi husimama wapi kusaka pasi, na mtumishi wa ndani hupata lini nafasi ya kuketi. Mgeni mwenye kipaji kikubwa kuliko chake angehitaji miaka kuyajua hayo, na wakati huo viza yake ingekuwa imekwisha.

*Kwa ufupi:* Kabla ya kuuliza picha ilimsaidia nani, uliza mpigapicha alifikaje hapo na alilipa nini ili afike.

Kitabu kilichopiga picha sheria

Hapa ndipo Cole anapotofautiana na wengi. Picha nyingi za wanyonge zimejengwa kwa namna moja: uso mmoja wenye huzuni, macho yakikutazama, mandhari ya nyuma yamefifia. Mtazamaji huona uchungu asione unatoka wapi. Hudhani umaskini ni kama mvua, umeshuka tu.

Cole alipiga picha za utaratibu. Kitabu chake, House of Bondage, kilichotolewa na Random House mjini New York mwaka 1967, hakikupangwa kwa watu wala kwa maeneo. Kila sura ni mlango mmoja ambao Mwafrika alilazimika kuupita: migodi, polisi na pasi, usafiri, utumishi wa ndani, shule, hospitali, vilabu vya pombe, dini, watu waliofukuziwa maporini. Jina lake ni lile la nyumba ya utumwa katika kitabu cha Kutoka, na msomaji anapofunua kurasa anatembezwa nyumba hiyo chumba kwa chumba.

Chukua sura ya migodi. Dhahabu ya Afrika Kusini ilichimbwa na vibarua waliotolewa vijijini na nchi za kusini mwa Afrika kama Msumbiji na Malawi. Wakala mkubwa wa kuwaandikisha alijulikana kwa jina la Wenela, jina ambalo wazee wa Rungwe na Mbeya hawajalisahau, maana hata Watanganyika walikwenda. Cole anamfuata kibarua tangu anapoandikishwa: anapangwa foleni, anachukuliwa alama za vidole, anapimwa afya. Picha inayojulikana zaidi ni ya vipimo hivyo. Wanaume wako uchi, wamepanga mstari wakiuelekea ukuta, mikono juu. Hatuoni huzuni usoni, kwa kuwa nyuso nyingi hatuzioni kabisa. Tunachoona ni jinsi kampuni inavyowapokea binadamu kama shehena.

Sura ya usafiri inaonyesha treni. Serikali iliwahamishia Waafrika mbali na mji, kisha ikawataka wawahi kazini mjini, na mabehewa ikawapa machache. Ndiyo maana watu wananing'inia milangoni na kupanda katikati ya behewa na behewa. Picha moja ya treni iliyojaa haisemi lolote, kwani treni hujaa kila mahali duniani. Ukiiweka baada ya sura ya mitaa iliyovunjwa na kabla ya sura ya utumishi wa ndani, unaona msongamano ule ulipangwa ofisini.

Katika sura ya shule yupo mvulana aliyechuchumaa sakafuni, jasho linamtoka, macho yamekazwa kumfuata mwalimu. Darasa limefurika na madawati hakuna. Huyu uso wake unaonekana, na haombi chochote. Anasoma kwa nguvu zake zote ndani ya shule iliyoundwa ili asifike mbali.

Jambo la mwisho ni maandishi. Maelezo ya picha, yaani yale maneno machache yanayokaa chini yake, wapigapicha wengi huwaachia wahariri. Cole aliyahesabu kuwa sehemu ya kazi yake, na kwa maandishi marefu ya kitabu alisaidiwa na Thomas Flaherty. Katika sura ya utumishi wa ndani yupo yaya mweusi amempakata mtoto wa Kizungu, na wote wawili wanaonekana kupendana. Bila maneno, picha hiyo ingeweza kupamba tangazo la kusifu amani kati ya rangi. Maelezo yake yanatufahamisha kuwa yaya anampenda mtoto yule huku akijua kwamba akikua atamtendea kama mama yake anavyomtendea. Picha haijabadilika hata kidogo, lakini baada ya kusoma huwezi kuitazama kama mwanzo.

Husemwa mara kwa mara kwamba picha hujisemea. Kitabu cha Cole kinaonyesha kinyume chake. Picha husemeshwa na jirani yake kwenye ukurasa, na maneno yaliyo chini yake, na mpangilio wa kitabu kizima. Mwenye kuyaacha hayo wazi anampa mtu mwingine nafasi ya kuyajaza.

*Kwa ufupi:* Picha inayoonyesha mateso peke yake huleta huruma. Ikionyesha pia utaratibu unaoyazaa mateso hayo, inakuwa ushahidi.

Je, waliopigwa picha walikubali?

Wale wanaume wa mgodini hawakuulizwa. Wasingeweza kuulizwa, kwa sababu kamera ilikuwa mfichoni na kuuliza kungewatia matatani wote. Je, hiyo si dhuluma juu ya dhuluma?

Jibu langu ni kwamba ruhusa ina uzito tofauti kulingana na nani anaogopwa. Pale ambapo mwenye nguvu ndiye anayekataza kamera ili kisionekane anachofanya, kupiga bila idhini yake ni kumnyima pazia. Pale ambapo aliyepigwa ndiye angekataa, mambo yanageuka. Cole alikuwa katika hali hizo zote mbili kwa wakati mmoja, na picha inaonyesha alivyochagua: utaratibu mbele, nyuso zimegeukia ukuta. Haiondoi deni lote. Inaonyesha kwamba aliyebonyeza alijua kuna deni.

Tulinganishe na picha nyingine mashuhuri. Machi 1936, Dorothea Lange, aliyekuwa akipiga picha kwa mshahara wa serikali ya Marekani, alisimama kwenye kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California. Mavuno yalikuwa yameharibika na watu walikuwa na njaa. Alimpiga picha mama mmoja mwenye miaka 32 akiwa na watoto wake, asimuulize jina. Gazeti la San Francisco lilipotoa habari hiyo, serikali ilipeleka chakula kambini, kadiri ya tani tisa. Lakini mama na watoto wake walikwishaondoka kutafuta kazi kwingine.

Picha ikawa maarufu kuliko karibu zote za karne ile. Jina la mama, Florence Owens Thompson, halikujulikana hadi mwaka 1978, mwandishi wa gazeti alipompata, naye akalalamika kwamba hajapata hata senti kutokana na picha ile. Lange naye hakupata mrabaha, kwa kuwa picha ilikuwa mali ya umma. Mwaka 1983 mama huyo alipougua, watoto wake waliomba msaada hadharani, na watu walioikumbuka ile picha wakachanga zaidi ya dola 35,000. Alifariki mwaka huohuo.

Basi ile picha ilimsaidia nani? Iliwasaidia majirani zake wa kambini wiki ileile. Yeye ilimfikia akiwa mzee kitandani. Hayo ndiyo mahesabu ya kweli ya picha za namna hii: zikisaidia, mara nyingi huwasaidia walio katika hali inayofanana na ile ya aliyepigwa, naye mwenyewe hupitwa. Kumuuliza jina na mahali pa kumpata ni njia ndogo ya kupunguza dhuluma hiyo.

Kuna namna nyingine ya kumdhulumu mtu aliyetengwa: kumwonyesha kana kwamba hana jingine ila kutengwa. Kitabu cha mwaka 1967 kinabana pumzi, kurasa baada ya kurasa. Lakini Cole alikuwa ameandaa pia sura kuhusu ubunifu wa watu weusi, yenye wanamuziki, wachoraji na watu walio katika starehe zao. Haikuingia. Ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, Aperture ya New York ilipokitoa kitabu upya. Anayeisoma leo hukutana na watu walewale waliobanwa kwenye treni, jioni wakipuliza tarumbeta. Ukatili wa mfumo ule unaonekana wazi zaidi hapo, kwa sababu sasa tunajua ulikuwa unamkandamiza nani.

Bei ya kitabu kimoja

Mwaka 1966 Cole alikamatwa akiwa na vijana wa genge aliokuwa akiwapiga picha. Polisi wakampa njia mbili: awe mpashaji habari wao, au ashtakiwe pamoja nao. Akachagua ya tatu. Alisema anakwenda kuhiji Lourdes, Ufaransa, akaondoka Mei mwaka huo, na negativu zake zikatoroshwa nje ya nchi. Negativu ni ule ukanda wa filamu ulionasa taswira, mweusi ukiwa mweupe na mweupe ukiwa mweusi. Kila chapa hutoka humo, kwa hiyo mwenye negativu ndiye mwenye kazi.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata kikiwa na utangulizi wa rafiki yake Joseph Lelyveld, mwandishi wa New York Times aliyekuwa amefukuzwa Afrika Kusini. Serikali ya makaburu ikakipiga marufuku. Nakala chache ziliingia kwa siri na kupitishwa mkono kwa mkono, na harakati za kupinga ubaguzi nje ya nchi zikazitumia picha zake. Cole mwenyewe hakuweza kurudi tena, na baadaye akawa mtu asiye na nchi.

Hapa wasomaji huuliza: mpigapicha wa namna hii hula wapi? Kwa kawaida riziki yake hutoka katika mojawapo ya njia hizi:

1. Mshahara wa gazeti, idara au shirika, kama Lange. Fedha ni ya uhakika, ila mwajiri ndiye huamua picha zitumikeje, na mara nyingi ndiye mmiliki.
2. Ruzuku, yaani fedha za taasisi zinazotolewa kwa mradi maalumu na hazirudishwi. Huisha mradi unapoisha, na wakati mwingine huisha kabla.
3. Wakala wa picha, anayeuza haki ya kuzitumia kwa magazeti na kugawana mapato na mpigapicha.
4. Mauzo ya vitabu na chapa. Hizi hupanda thamani zaidi mwenyewe akishakufa.

Cole alipata ruzuku ya Ford Foundation kupiga picha za maisha ya watu weusi wa Marekani, mijini na katika majimbo ya kusini. Alitembea na kupiga maelfu ya picha, nyingine za rangi: wapenzi wakitembea Harlem, watoto barabarani, vibarua wa mashambani. Lakini Marekani haikuwa na uhuru aliouota. Aliwahi kusema kwamba kwao aliogopa kukamatwa, na huko kusini mwa Marekani aliogopa kuuawa. Nadhani pia alitakiwa kuwa mtu wa mada moja, yule Mwafrika anayepiga picha za mateso ya weusi, na mlango huo ulikuwa mwembamba mno kwake. Mradi haukuwa kitabu katika uhai wake. Aperture ilizitoa picha hizo mwaka 2024 kwa jina The True America.

Kwa muda aliishi Sweden, akifanya kazi karibu na wapigapicha wa huko. Katika miaka ya 1970 kamera zikapotea, naye akaacha kupiga. Mtu aliyeipa dunia nzima nafasi ya kuwaona wasio na makazi wa nchi yake akawa analala kwenye treni za New York. Si yeye peke yake aliyefikia huko. Lewis Hine, ambaye picha zake za watoto viwandani zilisaidia kubadili mawazo ya Wamarekani kuhusu ajira ya watoto, alikufa mwaka 1940 akiwa maskini na nyumba yake imekwenda.

Cole alifariki kwa saratani mjini New York mnamo Februari 1990, akiwa na miaka 49. Siku chache kabla, tarehe 11 mwezi huohuo, Nelson Mandela alikuwa ametoka gerezani. Majivu ya Cole yakarudishwa Afrika Kusini.

Masanduku ya Stockholm

Kwa miaka mingi ilidhaniwa negativu zake zilikwisha kutupwa. Kisha mwaka 2017 familia ikaitwa Stockholm. Ndani ya masanduku ya amana ya benki moja kulikuwa na negativu zipatazo 60,000 pamoja na madaftari na barua. Aliyeziweka huko hakutajwa. Mpwa wake, Leslie Matlaisane, anayesimamia mirathi kwa niaba ya familia, alizipokea.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Bila masanduku yale kusingekuwa na toleo jipya la 2022 wala kitabu cha Marekani. Raoul Peck, mtengenezaji filamu kutoka Haiti, asingepata malighafi ya filamu yake ya mwaka 2024, iliyotuzwa kwenye tamasha la Cannes. Mrithi sasa ndiye anayekubali au kukataa matumizi, na malipo yanakwenda kwa ukoo.

Hifadhi, yaani utunzaji wa picha na maelezo yake kwa mpango unaowezesha kuzipata, huonekana kama kazi ya karani. Kwa watu waliotengwa ni zaidi ya hapo. Serikali iliyowahamisha watu wa Eersterust haikuwa na haja ya kutunza ushahidi wa maisha yao. Aliyeukusanya ni mtu aliyekuja kukosa nyumba, na ukaokolewa na kufuli la benki ya mbali. Hiyo ni bahati, na kazi ya maisha haifai kuachiwa bahati.

*Kwa ufupi:* Anayemiliki negativu ndiye anayeamua picha itamsaidia nani kesho.

Kwa anayeianza kazi hii leo

Leo kila mwenye simu anaweza kupiga picha ya muuza karanga, mtoto wa mitaani au mkimbizi kambini, na kabla hajafika nyumbani imeshasambaa. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022. Sheria ni mwanzo tu. Maisha ya Cole yanafundisha zaidi:

- Chagua mada unayoweza kuirudia. Mahali unapofika mara moja utapata sura, na utaratibu hautauona.
- Kabla ya kupiga, jiulize nani hataki picha hii ionekane. Akiwa ni mwenye nguvu, endelea kwa tahadhari. Akiwa ni aliye mbele yako, shusha kamera.
- Tafuta chanzo. Umepiga picha ya foleni ya maji? Piga pia bomba lililokatika, notisi iliyobandikwa na nyumba ya pili yenye bustani ya kijani.
- Piga furaha, ufundi na mzaha wa watu haohao, na ugombee sehemu hiyo isikatwe na mhariri.
- Andika maelezo mwenyewe: jina kamili iwapo mhusika ameridhia, mahali, tarehe, alichokuambia.
- Soma mkataba hadi mwisho. Tazama haki ya kutumia picha inabaki kwa nani, kwa muda gani, na waliopigwa wanapata nini.
- Tunza nakala mahali pawili tofauti, na umtaje kwa maandishi mtu atakayezisimamia usipokuwepo.

Mengi kati ya hayo yanahitaji muda, nauli, au mhariri mwenye kusikiliza. Hilo la mwisho halimngojei mtu. Mwenye simu iliyojaa picha za mtaa wake anaweza kuanza leo usiku: achague kumi, aandike chini ya kila moja ni nani, wapi na lini, kisha ampe nakala mtu anayemwamini. Asubuhi atakuwa na hifadhi ndogo yenye mpango, jambo ambalo Cole hakulipata katika uhai wake.